Maji ya Macho ya Paka

Mtungi mzima wa maji niliumwaga machoni mwa paka, na mpaka leo sijutii hata tone moja. Najua wapo watakaosoma maneno haya wasione cha ajabu. Hao ni watu wa maji ya bomba. Aliyewahi kuishi juu kule Newala enzi za Wadachi atashika kichwa, kwa sababu anajua mtungi ule ulivyopandishwa.

Kule juu ardhi ni nzuri na muhogo unanenepa, ila maji hakuna. Mvua ikinyesha, mchanga unaimeza yote. Chemchemi ziko chini bondeni, na wakati wa kiangazi mwanamke alitoka nyumbani kungali na umande, akateremka genge na mtungi mtupu, akapanga foleni chemchemini, kisha akapanda tena genge lile lile na mtungi umejaa kichwani. Akifika nyumbani, jua liko utosini. Mtungi mmoja ulikuwa wa nyumba nzima kwa siku nzima: kunywa, kupika, na kunawa kama yamebaki. Mara nyingi hayakubaki.

Sisi hatukuwa watu wa huko. Kwetu ni Lisekese, chini tambarare ya Masasi, ambako kisima kilikuwa nyuma ya nyumba nami nikidhani kila mtu anacho. Sisi ni Wayao, Waislamu, wakulima wenye uchuuzi kidogo. Baba alikuwa mwalimu wa Kurani; alinifundisha herufi kabla hajafa, ndiyo maana leo naandika mwenyewe na simtumi mtu. Mkubwa wa nyumba alikuwa mjomba, kaka yake mama, kama ilivyo desturi yetu.

Vita vya Maji Maji vilipofika Masasi, upande mmoja walikuja wenye dawa ya maji, waliosema risasi itageuka maji. Upande wa pili wakaja askari wa Wadachi na viberiti vyao. Sisi tulikuwa katikati, na aliye katikati ndiye huunguliwa nyumba. Mjomba akasema twende juu, kwa rafiki yake wa biashara, Mmakonde mmoja wa karibu na Mkunya. Tukapanda watu watatu, yeye, mama na mimi. Nilikuwa mwari niliyekwisha toka unyagoni, bado sijaolewa, na ulimi wangu ulikuwa mrefu kuliko ilivyotakiwa.

Tulibeba vilindo viwili vya mbegu, yaani masanduku ya magome ya mti, kimoja cha mtama na kimoja cha kunde. Tulimbeba na paka. Hakuwa na jina. Paka akiwa mmoja nyumba nzima, jina la nini? Alikuwa jike la rangi ya majivu ambalo mjomba alilitoa Lindi katika safari ya chumvi. Mama alitutangazia mapema kwamba mbegu zile haziliwi hata tukibaki mifupa, kwa sababu mashamba ya Lisekese yamekwisha ungua na hakuna jirani wa kumwomba mbegu nyingine. Kwa hiyo tulikula muhogo wa mwenyeji wetu, tukachimba ming'oko, viazi vya mwituni, porini, na vilindo vikakaa kwenye ghala dogo huku paka amelala juu yake.

Mwenyeji wetu alikuwa na utani. Kwao panya wa shambani ni kitoweo, na kila asubuhi akimwona paka anajilamba midomo alimwambia mjomba, "Mgeni wako huyu ananimalizia nyama." Lakini panya wa ghalani walikuwa wengine kabisa. Vita vilikuwa vimewafukuza watu mashambani na kuwaachia panya nchi nzima. Bila paka yule, vilindo visingemaliza mwezi.

Siku yenyewe, mama alikuwa ndiyo kwanza ametua mtungi. Hajavuta hata pumzi, tukasikia paka analia ghalani kilio ambacho sijapata kukisikia tena. Nikakimbia. Nilimkuta anabiringika chini, anajipiga uso kwa mikono yote miwili, macho ameyafumba, machozi na ute vinamchuruzika. Nyuma ya kilindo cha mtama alisimama swila, kichwa juu na shingo ameitanua. Mjomba akamwua kwa fimbo.

Swila hahitaji kukuuma. Anatema, tena analenga macho. Marehemu bibi yangu, mzaa mama, alikuwa akitibu watu waliotemewa, na aliniachia somo moja tu: swila akimtemea mtu usihangaike na mizizi, tafuta maji, na ukiyapata usiyahurumie.

Nikavua kaniki ya begani, nikamviringisha paka kama kichanga, kichwa peke yake kikiwa nje, nikambana magotini. Nikavuta mtungi.

"We mwana!" mama akapiga kelele. "Hayo ni maji ya kunywa!"

Nikachota kata ya kwanza. Nilimfumbua jicho la kulia kwa kidole gumba na cha shahada, nikamimina taratibu kuanzia pembe ya puani kwenda nje, ili sumu isirudi jicho la pili. Kisha la kushoto. Kisha la kulia tena. Nilichota mpaka kata ikagonga chini ya mtungi, halafu nikauinamisha mtungi wenyewe. Kovu la kucha zake ninalo mkononi hadi leo, na huwaonyesha wajukuu wakitaka na wasipotaka.

Nilipomaliza, palikuwa na matope katikati ya ua wakati wa kiangazi, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona pale. Mama aliyatazama yale matope. Hakunipiga. Alikaa chini pale pale, miguu ameinyoosha, mguu mmoja bado una vumbi la genge. Mjomba akasema, "Haya, leo tutakunywa mate."

Jioni ile kila mtu alikuwa mganga. Mwenyeji wetu alileta ugoro, akasema nimpulizie paka machoni. Jirani yake akasema pilipili. Mwingine akasema mkojo wa mtoto wa kiume, tena akaenda kumtafuta huyo mtoto. Niliwajibu kwa adabu kidogo sana. Nilimwambia wa ugoro ajipulizie yeye kwanza, akiona vizuri tutaendelea kwa paka. Mjomba akanikaripia, lakini ugoro ukarudi mfukoni.

Kesho yake macho yalikuwa yamevimba na kugandana kwa usaha. Nilipoyalainisha na kuyafumbua, nikaona ile ngozi nyeupe ya ndani ambayo paka huivuta jicho linapouma, na nyuma yake kioo cha jicho kimeingia ukungu. Nilipitisha mkono mbele ya uso wake. Hakushtuka. Na ghalani, panya walikuwa wameshatafuna pembe ya kilindo cha kunde.

"Paka kipofu ni mdomo tu," mjomba alisema. "Kamwache porini."

Nikasema anipe siku saba. Nikasema macho haya yatapona na nitayaponya mimi. Sijui ujasiri ule niliutoa wapi. Nilikuwa sijawahi kuponya hata kuku. Mjomba akamtazama mama. Mama akasema, "Siku saba sawa. Ila mtungi wangu usiuguse."

Basi kuanzia hapo nikawa nateremka bondeni mimi, mama akapumzika. Kichwani nilibeba mtungi wa nyumba, na kiunoni nimefunga kibuyu kidogo, maji ya paka peke yake, yasichanganyike na ya mtu. Nyumbani niliyachemsha, nikatia chumvi kidogo sana kutoka kwenye fundo la mjomba, mpaka yakawa na ladha ya machozi, maana bibi alisema jicho halichomwi na kitu kilicho kama machozi yake. Nikayaacha yapoe. Nilichana kaniki kuukuu vipande vidogo, kila jicho kipande chake, na kipande kilichogusa usaha nilikitupa motoni. Mara tatu kwa siku: asubuhi, adhuhuri, jioni. Makucha ya mbele nilimfunga vitambaa asijikune. Nilimweka ndani penye giza, mbali na moshi wa jiko. Na kwa kuwa paka hayuko kazini, kazi yake niliifanya mimi: nililala nimeegemea vilindo na kijiti mkononi, na kila kilichokwaruza nilikigonga. Mjomba alisema nimebakiza kuota mkia.

Siku ya nne usaha ulipungua. Siku ya tano ile ngozi nyeupe ilirudi nyuma katika jicho la kulia, na nilipopitisha unyasi mbele yake, kichwa chake kiligeuka kuufuata. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Nikamwonyesha mama. Alitazama, akasema, "Mm," akaendelea kumenya muhogo. Kwa mama hiyo ilikuwa hotuba.

Siku ya sita ndipo nilipokamatwa.

Nilikuwa nimeshapanda genge, nimesimama njiani na wanawake wenzangu kuvuta pumzi, tarishi wa akida, mtawala aliyewekwa na Wadachi, akatukuta. Alikuwa mtu wa pwani, mgeni, mwenye macho mekundu kwa vumbi la njia. Vita vilikuwa bado vinanuka, na kazi ya matarishi ilikuwa kupekua vibuyu, maana wenye dawa ya maji walitembea nayo kwenye vibuyu vidogo, kama changu. Akanyoosha fimbo kiunoni kwangu.

"Binti, hicho kina nini?"

Nilikuwa nimechoka, na mtu akichoka hujibu kwa lugha ya nyumbani. Nikamwambia, "Mtela wa meso."

Kwa Chiyao mtela ni dawa. Macho ni meso. Na maji, Mungu awasamehe waliotupa lugha hii, ni mesi. Nilisema dawa ya macho, yeye akasikia dawa ya maji. Chiyao chake kilikuwa cha kuombea chakula tu, na neno moja alilolijua vizuri lilikuwa lile lililompa mshahara.

Akaruka nyuma. "Dawa ya maji! Amekiri mwenyewe!"

Wenzangu wakatawanyika kama kuku. Nikapiga kelele kwa Kiswahili, "Macho! Nimesema macho! Ni maji ya kumwosha paka macho!"

"Paka?" alisema. "Nani huku juu ampe paka maji ya bondeni?"

Hapo alikuwa na haki. Hakuna uongo ambao ungesikika kuwa uongo kama ukweli wangu.

Nilipelekwa Newala kwa akida, nikafungiwa kwenye chumba cha kuwekea magunia hadi baraza la kesho yake. Sitajifanya shujaa. Niliogopa. Waliokamatwa na maji yale walipelekwa boma la Lindi na kamba shingoni, na hatukuwa tumemwona hata mmoja aliyerudi. Lakini katikati ya hofu ile kulikuwa na jambo lililonichoma zaidi: adhuhuri ilipita, na macho ya paka hayajaoshwa. Jioni ikapita. Nilijua usaha ukigandana tena juu ya kioo kile ambacho ndiyo kwanza kinasafika, jicho litakwenda, na jicho likienda mbegu zimekwenda. Nilihesabu kila mwosho uliopita bila mimi.

Asubuhi nikatolewa barazani. Akida alikaa kitini na kanzu yake nyeupe, karani pembeni na kalamu, watu wamejaa.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Sema, na usinipotezee wakati."

Nikasema yote, swila, mtungi, kibuyu, meso na mesi. Watu walicheka. Tarishi aliapa kwamba alisikia mesi kwa masikio yake mawili. Akida akasema, "Meso, mesi, kwangu mimi yote mamoja. Shahidi wako nani?"

Nilikuwa sina shahidi. 

Ndipo watu wa nyuma wakaanza kupisha njia. Mama alikuwa anakuja. Alikuwa ametembea kutoka kwa mwenyeji wetu na mtungi wa kuazima kichwani, alioujaza bondeni usiku, na mgongoni amembeba paka kwa mbeleko, kama mtoto mchanga, kichwa cha majivu kimechungulia begani. Hakuna aliyecheka, kwa jinsi alivyotembea. Akatua mtungi mbele ya miguu yangu bila kumwaga tone, akapiga magoti, akamwamkia akida. Kisha akafungua mbeleko akanipa paka.

Nikayatazama macho. Yalikuwa safi. Kope hazina hata utando, na kwenye pembe ya jicho palikauka chembe nyeupe za chumvi. Alikuwa ameyaosha, adhuhuri, jioni na asubuhi ile, bila kuruka hata mara moja, na alifanya kama nilivyofanya mimi. Kumbe kila nilipodhani anamenya muhogo alikuwa ananitazama mikono. Nikamtazama yeye. Midomo yake ilikuwa imepasuka na kuwa myeupe. Nilikamatwa na mtungi wa nyumba kichwani, kwa hiyo nyumbani yalikuwa yamebaki mabaki ya jana tu, na hayo ndiyo aliyompa paka; yale aliyoyateka usiku hakuyagusa.

"Osha, mwanangu," alisema. "Waone."

Nikamviringisha paka, nikambana magotini mbele ya baraza zima. Nilianza na sauti ndogo, nikieleza ninachofanya: hivi ndivyo jicho linavyofumbuliwa, hivi ndivyo maji yanavyomiminwa kutoka pembe ya puani kwenda nje, kitambaa hiki ni cha jicho hili tu. Kadiri nilivyosema ndivyo sauti yangu ilivyokua, na nilipofika kwenye ile ngozi nyeupe ya ndani nilikuwa nafundisha. Akida alikuwa ameinama mbele kitini. Nikamfungua paka mkono mmoja, nikapitisha unyasi upande wa kulia. Akaupiga kwa kucha, paa! Watu wakaguna. Nikaupitisha kushoto, akachelewa, akaukosa.

"La kushoto bado," nikasema. "Linahitaji siku nyingine."

Akida akaonyesha kibuyu changu. "Kinywe."

Nikayanywa mbele yake, maji ya siku mbili, na sijawahi kunywa kitu kitamu kama hicho. Ila nilibakiza mafunda mawili, kwa sababu akida alikuwa sasa anamtazama tarishi wake na yale macho mekundu.

"Na huyu naye mwoshe."

Mtu yule alifumba macho kwa nguvu, akaanza kulia. Alikuwa bado anaamini kile kibuyu kina maji ya vita, na hakujua kama yatamwua au yatamfanya mwasi. Nikamwambia, "Fumbua, kaka, paka mwenyewe hakulia hivi." Sitasema uongo, kitambaa nilikikamua kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Alipepesa, akapepesa tena, akasema kwa mshangao, "Mbona yanapoa?" Baraza zima likaangua kicheko, na akida naye.

"Nenda zako," akida aliniambia. "Na ukiulizwa tena kuhusu kibuyu, jibu kwa Kiswahili."

Jicho la kulia lilipona kabisa. La kushoto lilibaki na doa jeupe dogo kama punje ya mtama, lakini lilitosha, na wiki iliyofuata paka alirudi juu ya vilindo. Mvua za kwanza tulipanda mbegu zote isipokuwa zile kunde chache zilizotafunwa na panya. Tuliporudi Lisekese tulishuka na mtama wetu wenyewe, na watu walikuja kuomba mbegu kwetu, kiganja kwa kiganja. Baadaye walikuja pia na paka, hadi kutoka Lupaso, wamewatia kwenye vikapu, na mbuzi, na mara moja ng'ombe. Wengi niliwaponya. Nasema bila haya, kwa kuwa ni kweli.

Lakini kama ningeambiwa nichague siku moja ya kuzikwa nayo, nisingechagua yoyote kati ya hizo. Ningechagua ile ya barazani, dakika moja kabla hatujaondoka. Karani alimzuia mama, akasema lazima aandike ni nani anayemchukua mfungwa. Kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mwanawe, na mama maisha yake yote aliitwa kwa jina la kaka yangu, mzaliwa wake wa kwanza, aliyefariki kabla sijajua kutembea. Sikuwahi kumsikia akiitikia jina jingine.

"Wewe ni mama nani?" karani aliuliza.

Mama alilamba ile midomo iliyopasuka. Akanitazama kidogo, kisha akamgeukia karani.

"Andika mama wa mganga wa macho," alisema.

Karani akachovya kalamu, akaandika. Mimi nikamkumbatia paka kwa nguvu mpaka akanikwaruza upya, kwa sababu nilikuwa nalia mbele ya watu wote wale na sikutaka mtu aone.